Yaya wa Seli Kaidi

Hakuwa anavitafuta vile vichupa. Jumatatu asubuhi alifungua friza kuchukua seramu, akasogeza hiki, akainua kile, barafu ikamwingia kwenye mikono ya koti, na nyuma kabisa akakuta boksi la dawa nyekundu. Akalifungua kwa mazoea tu, kama mtu apitaye jikoni akafunua sufuria isiyo yake. Ndani vilijipanga vichupa kumi na kimoja, vidogo kama vidole vya mtoto.

Vilipaswa kuwa vitano.

Akavihesabu tena kutoka upande wa pili, kana kwamba upande ndio uliokuwa na kosa. Kumi na kimoja. Akabaki amesimama, mlango wazi, mpaka friza yenyewe ikaanza kulia. Akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga.

Kazini wote wanamwita Yaya. Miaka kumi na minne iliyopita aliingia maabara hiyo kuosha vyombo vya kioo, na aliviosha kwa namna ambayo Profesa alipokiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha alisema, "Huyu apewe seli." Tangu hapo amelea seli za saratani. Huzilisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mara nyingi Jumamosi pia, maana seli hazijui siku ya mapumziko. Huzitoa kwenye kabati la joto, huziangalia kwa hadubini, huzimwagia chakula kipya, na zikijazana huzigawa katika chupa nyingine. Mikono yake hunuka spiriti hata siku za harusi. Akiziona zimekonda huongea nazo, na wenzake wameacha kumcheka.

Ana seli za aina mbili. Zote zilitoka kwenye uvimbe wa titi la mtu ambaye hakuna anayemfahamu. Za kwanza huitwa Laini, kwa sababu hufa ukizigusa na dawa. Za pili ni Kaidi. Kaidi zililelewa kwa sumu: tone moja la dawa nyekundu, kisha tone na nusu, kisha mawili, miezi na miezi, zikafa nyingi zikabaki chache, na zile chache zikajifunza kutokufa.

Zilijifunzaje, Yaya anaweza kumweleza mtu yeyote anayesubiri naye foleni. Seli ina ukuta, atasema, na ukuta una milango, na milangoni kuna mabawabu. Wako wanaoingiza na wako wanaotoa. Profesa huwaita visafirishi, lakini ni mabawabu tu. Kitu kigeni kikiingia, bawabu wa kutoa hukishika shingoni akakirudisha barabarani. Seli Laini ina mabawabu wa kutoa wachache, wanaosinzia. Kaidi imewajaza ukuta mzima, bega kwa bega. Dawa inapiga hodi, inaingia hatua moja, inatupwa nje. Haijashindwa nguvu. Haijapewa nafasi ya kukaa.

Ila mabawabu hao hawakai bure. Kaidi lazima ziwekewe dawa nyekundu kidogo kwenye chakula, wiki hadi wiki, la sivyo husahau. Zikiona hakuna hatari huwapunguza walinzi mmoja mmoja, na miezi miwili mitatu ikipita, zinaweza kuwa laini kama nyingine. Mara moja tu zinaruhusiwa chakula kitupu: wiki moja kabla ya jaribio, ili dawa ya zamani isichafue majibu.

Ndiyo maana wiki kumi na moja zilizopita Yaya alikata kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu nene, KAIDI: CHAKULA KITUPU, WIKI MOJA, akakibandika kwenye mlango wa kabati la joto. Hakuandika tarehe. Siku mbili baadaye dada yake alilazwa, akafanyiwa upasuaji wa titi, na Yaya akaomba ruhusa ya siku tisa. Mkemia, mwenzake wa maabara, alimshikia zamu, akafuata karatasi. Yaya aliporudi, macho mazito, kichwa kikiwa bado wodini, karatasi ilikuwa pale pale. Naye akaifuata. Akaifuata wiki ya pili, ya tano, ya tisa. Chakula cha seli ni chekundu chenyewe, chekundu cha waridi, na dawa ni nyekundu. Ukitia nyekundu ndani ya nyekundu, jicho haliwezi kukwambia ipo au haipo.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya karatasi yake, anausoma mwandiko wake kana kwamba ni wa mtu asiyempenda.

Na katika wiki hizo kumi na moja wamefanya majaribio matatu ya mzizi.

Mzizi ni wa kichaka cha kawaida, hakipandwi wala hakipaliliwi, huota nyuma ya kuta na kando ya mitaro. Ukiukwangua ni wa njano kali. Mkemia ndiye anayeutoa ile njano, anauchemsha, anaukamua, anaukausha mpaka unabaki unga wa kujaza kijiko. Laini zilikufa kwa unga huo mara ya kwanza, na hilo halikumshangaza mtu. Lakini Kaidi nazo zikafa. Jaribio la kwanza nusu, la pili zaidi, la tatu karibu zote. Walidhani Mkemia anazidi kuwa hodari wa kukamua. Mkemia mwenyewe alidhani hivyo, akaanza kutembea kifua mbele.

Siku ya jaribio la tatu, mwezi mmoja uliopita, Yaya hakwenda kwake moja kwa moja. Alipita kwa dada yake.

Wanaishi ua mmoja, milango ikitazamana. Dada ni fundi cherehani. Mama yao alipokufa, Yaya alikuwa na miaka saba na Dada kumi na sita, na Dada aliacha masomo akakalia cherehani ili mdogo wake aendelee. Hajawahi kulisema hilo. Anachosema, kila akimwona Yaya anatikisa goti akiwa amekaa, ni neno moja tu tangu utotoni: "Mguu huo unashona nini?"

Siku ile alikuwa anashona sare za shule, kitambaa kichwani kikificha nywele zilizokatika, uso umepungua. Dripu mbili za dawa nyekundu alikuwa ameshapata, ile ile ya kwenye vichupa, na kila moja ilimlaza siku nne.

"Dada, mzizi umeua Kaidi," Yaya alisema kabla hajavua viatu.

"Umeua nini?"

"Zile seli nilizokwambia. Zinazokataa dawa."

Cherehani ikasimama. "Hata zile?"

"Hata zile."

Akaliona jambo likipita usoni mwa dada yake, kitu kama pazia lililosogezwa. Akafurahi kuwa yeye ndiye aliyelisogeza.

Wiki iliyofuata Dada hakwenda kwenye dripu ya tatu. Alimwambia mumewe nguvu hana, ataenda nyingine. Badala yake kila asubuhi akawa anachemsha mzizi. Yaya alizijua habari hizo kwa shemeji yake, aliyemsimamisha uani akiwa na ndoo mkononi.

"Shemeji, umenifanyia mambo. Jikoni kwangu sasa ni maabara. Nikitaka chai napewa maji ya njano."

"Dripu je?"

"Amesema ataruka moja tu apumzike. Wewe ndiye mwenye mzizi, mimi nani wa kubisha?"

Yaya alijiambia ni moja tu. Alijiambia Dada anakula vizuri, rangi imerudi. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa na sauti yake mwenyewe.

Dripu ya nne ilikuwa Alhamisi hii. Nesi wa kliniki alikuwa amepiga simu mara mbili. Na Dada alikuwa amemwambia mumewe Jumapili, huku akikata uzi kwa meno, kwamba haoni sababu ya kwenda tena.

Sasa Yaya alitembea. Kutoka friza hadi dirishani ni hatua tisa, kutoka dirishani hadi beseni ni tano. Alinawa mikono isiyokuwa na uchafu. Aliichukua chupa ya Kaidi akaiangalia kwa hadubini, na aliziona nono, zimenyooka, zimejaa haraka, nzuri. Aliufurahia unono huo wiki zote hizi. Hakujiuliza seli zinazokula sumu zinaneneaje.

Mkemia aliingia akiwa na chupa kwapani. Ni mwanamume mpana, mwenye mzaha kwa kila jambo isipokuwa mizani yake.

"Yaya, mbona unazunguka kama umekanyaga siafu?"

"Una ule unga karibu?"

"Nalala nao chini ya mto. Kwa nini?"

"Nipe kidogo. Na ile taa ya bluu nayo iko wazi?"

Ile njano ya mzizi ina tabia moja: ukiimulika kwa taa ya bluu, inang'aa kijani. Hakuna aliyewahi kuzimulika seli. Majaribio yote matatu walihesabu zilizokufa, basi. Yaya aliweka unga kwenye sahani mbili, Laini huku, Kaidi huku, akaacha nusu saa, akazisuuza, akazipa chakula safi, akangoja saa moja. Saa hiyo alipanga upya rafu mbili ambazo hazikuhitaji kupangwa. Kisha wakaenda chumba cha giza, wakafunga mlango.

Laini zilikuwa zinang'aa kama taa za mji ukiutazama kutoka mlimani. Kaidi pia. Moja moja, zote, mji wa pili umewashwa.

"Mzuri," Mkemia alisema, jicho kwenye hadubini. "Umeingia na umekaa. Si ndicho tunachotaka?"

"Hizo ni Kaidi."

"Najua ni Kaidi."

"Kaidi ingekuwa na mabawabu wake, saa nzima hii ingekuwa imeshautupa nje. Ingekuwa giza."

Mkemia aliinua kichwa. Mwanga wa bluu ulimpaka shavu. "Labda mzizi wangu umewashinda hao mabawabu."

"Labda. Lakini boksi lina vichupa kumi na kimoja."

Alimweleza yote, pale gizani, ikawa rahisi kidogo kwa sababu hawakuonana vizuri. Karatasi. Wiki moja. Siku tisa.

"Nani mwingine anajua?" Mkemia aliuliza.

"Wewe."

"Maana tungeweza kuyeyusha zile za zamani zilizogandishwa kwenye mtungi, tukarudia majaribio polepole, tukasema tu kwamba..."

"Tukasema nini?"

"Nauliza tu, Yaya. Mtu anaruhusiwa kuuliza."

"Alhamisi dada yangu ana dripu, na amesema haendi."

Mkemia alijifuta uso kwa mkono mzima, kutoka paji hadi kidevu. "Twende kwa Profesa," akasema. "Mimi nitatangulia. Una miguu ya kukimbia leo, nakuogopa."

Ofisi ya Profesa ina viti viwili na vitabu juu ya vyote viwili. Aliwasikiliza wamesimama. Mezani kulikuwa na nakala ya barua aliyokuwa amewapelekea madaktari wa hospitali, akiomba wakutane wauzungumzie mzizi. Yaya aliona neno *kaidi* limepigiwa mstari.

"Wiki kumi na moja," Profesa alisema.

"Ndiyo, Profesa. Kosa ni langu. Mwandiko ni wangu."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena. "Mimi nimepita mbele ya karatasi hiyo kila siku. Nimeisoma kama watu wanavyosoma Usiteme Mate." Akaivaa. "Na katika majaribio yote matatu sikuamuru tuweke sahani moja ya dawa nyekundu pembeni. Tungeiweka, Kaidi zingekufa kwa dawa, tungejua siku ile ile. Hilo ni langu."

"Nitayeyusha za mtungi leo," Yaya alisema.

"Yeyusha. Jumatano tuzimulike. Mpaka Jumatano tusimwambie mtu wa nje. Huenda mzizi una jambo bado."

"Wa nje," Yaya alirudia.

"Madaktari," Profesa alisema. Alikuwa hajui habari za Dada, na Yaya hakumwambia. Akatoka.

Mtungi wa naitrojeni uko mwisho wa korido, unafuka mvuke baridi kila ukifunguliwa. Kaidi za zamani zililala humo, zimegandishwa siku ambazo zilikuwa bado zinakula sumu yao sawasawa. Alichomoa kichupa kimoja, akakiyeyusha kiganjani mwa glavu, akazimwagia chakula. Safari hii alitia dawa. Aliitia akiitazama, akasema kwa sauti, "Nimetia," chumba kikiwa kitupu.

Jumanne ilikuwa ndefu. Seli zilizotoka barafuni hazitaki kusumbuliwa, zinatakiwa ziachwe zishike chini ya chupa, na Yaya aliziangalia mara sita, akahamishia chache tu kwenye sahani yenye mzizi. Saa kumi jioni alitoka kazini mapema akaenda kwa Dada, sentensi ikiwa tayari mdomoni. Ilikuwa sentensi fupi. Alikuwa ameipunguza njia nzima.

Dada alikuwa amefungua dirisha. Redio inaimba chinichini. Alikuwa amevaa gauni la rangi, jipya, alilojishonea mwenyewe, na juu ya meza kulikuwa na gilasi ya njano imefunikwa kwa kisahani.

"Umekuja wakati mzuri. Hebu simama hapo nikupime, nina kitambaa kimebaki."

"Dada."

"Nyoosha mikono." Futi ilimzunguka Yaya kifuani, kiunoni. Mikono ya Dada ilikuwa na joto. "Umepungua wewe. Mimi naongezeka, wewe unapungua. Watasema wewe ndiye mgonjwa."

"Dada, kuhusu Alhamisi..."

"Alhamisi nina sare kumi na mbili za kumaliza. Usianze." Alisema kwa upole, pini zikiwa mdomoni. "Wiki hizi sijatapika hata mara moja. Unajua hilo ni kitu gani? Nimelala kama mtu. Geuka."

Yaya akageuka. Aliimeza sentensi ikiwa na kona zake zote. Alisema atarudi kesho, akavuka ua, akafungua mlango wake, akaufunga, akasimama nyuma yake.

Jumatano, saa nane mchana, waliingia watatu chumba cha giza. Yaya ndiye aliyeweka sahani. Profesa alitazama kwanza, kwa muda, halafu akampisha Mkemia, naye akampisha Yaya.

Upande wa Laini, mji ulikuwa umewashwa. Upande wa Kaidi za mtungi kulikuwa giza. Si giza tupu: ukikaza jicho uliziona seli zenyewe, vivuli vyenye afya, zimetulia, na nje yao tone la mwanga hafifu lililobaki kwenye maji. Mzizi ulikuwa umeingia hatua moja, ukatupwa barabarani. Sahani ya tatu, yenye mzizi tangu jana yake, Kaidi zilikuwa hai. Hai na zimegawanyika.

"Basi," Mkemia alisema. Kifua chake kilikuwa kimerudi mahali pake.

"Si basi," Profesa alisema. "Tunajua unatupwa. Hatujui kama ukitangulia unawashughulisha mabawabu dawa ipate kupita. Hilo linaweza kuwa kazi ya miaka miwili." Kisha akamgeukia Yaya. "Barua nyingine naandika leo. Nitaeleza tulichokosea. Jina la kwanza litakuwa langu."

Yaya alikuwa ameshafika mlangoni. "Profesa, mtu akinywa mzizi huku anapewa dawa nyekundu?"

"Nani anakunywa?"

Akamwambia.

Profesa alikaa kwenye kiti cha hadubini. "Mabawabu hao hao wako kwenye utumbo," alisema polepole. "Wako kwenye ini, kwenye figo. Huko si adui, huko wanatufukuzia sumu. Mzizi ukiwachanganya, dawa inaweza kukaa mwilini kupita kiasi. Au isitokee kitu. Sijui, na hakuna anayejua. Daktari wake lazima aambiwe, kabla hajamwekea chochote. Lazima aende na lazima aambiwe. Yote mawili."

Alipotoka kazini, Yaya hakupita nyumbani kwake. Dada alikuwa anapiga pasi sare, mumewe ameketi mlangoni anamenya karanga.

"Shemeji, leo mwendo wa polisi," shemeji alisema.

"Dada, zima pasi."

Dada alimtazama, akaisimamisha pasi, akaichomoa. Yaya akasema. Hakuipunguza sentensi, akaisema yote, friza na karatasi na chakula chekundu, kwamba zile Kaidi hazikuwa Kaidi tena, kwamba alizilegeza mwenyewe kwa mkono wake, kwamba za kweli zimeutema mzizi mchana huu akiona kwa macho yake. Shemeji aliacha kumenya.

"Kwa hiyo wiki tatu nakunywa maji ya mti," Dada alisema, "kwa sababu ya kikaratasi."

"Ndiyo."

"Kikaratasi ulichoandika wewe."

"Ndiyo, Dada."

Dada alikunja sare moja, mkono juu ya mkono, akaiweka. Akakunja nyingine. "Ulijua sikwenda kwenye dripu?"

Yaya alimtazama shemeji yake. Shemeji alitazama karanga.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kosa la karatasi ningelisamehe," Dada alisema. Sauti haikupanda. "Mimi nimeshakata suruali ya mtu mguu mmoja mfupi. Lakini wewe ulinitazama nikinywa. Ulisimama hapo jana nikakupima kifua, moyo unakudunda, nikadhani umetembea haraka."

"Nilitaka iwe kweli."

"Na mimi nilitaka. Tofauti yetu ni kwamba mimi sina hadubini." Akaichomeka pasi tena. "Nenda kwako."

"Alhamisi, Dada. Kesho. Na lazima tumwambie daktari kuhusu..."

"Nimesikia. Nenda kwako, mdogo wangu."

Alikwenda. Alipika, hakula. Alifua koti lililokuwa safi. Kupitia dirishani alisikia cherehani ikienda, ikasimama, ikaenda. Sare kumi na mbili. Alijaribu kuhesabu kwa sauti ya mashine ni ngapi zimebaki, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Asubuhi, kabla ya saa moja, alikuwa amesimama langoni kwa ua akiwa amevaa viatu vya kutembelea. Hakugonga mlango. Alisimama, akaenda hadi bombani, akarudi. Mlango ukafunguliwa, shemeji akatoka kwanza, amebeba mtungi wa mzizi ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mwili kama anayebeba kinyesi cha paka.

"Nimeambiwa nibebe ushahidi," alimnong'oneza.

Nyuma yake akatoka Dada, kitambaa kipya kichwani. Alimpita Yaya bila neno. Hatua chache mbele akasema, bila kugeuka, "Unasubiri kubebwa?"

Kliniki ilikuwa na benchi tatu na watu wa benchi tano. Nesi aliyepiga simu mara mbili alimtambua Dada, akafungua mdomo kumgombeza, kisha akauona mtungi. Yaya alisimama akaeleza: umechemshwa hivi, kwa wiki hizi, gilasi moja kila asubuhi, ya mwisho jana. Alitaja wapi mzizi unatupwa na wapi haijulikani. Nesi aliandika. Akaenda kwa daktari, akarudi, akasema watatoa damu kwanza waone ini na figo zinasemaje. Zikiwa sawa, dripu leo. Zisipokuwa sawa, wiki ijayo, na mzizi usiguswe tena.

"Na ile aliyoiruka?" Yaya aliuliza.

"Tumeiruka," nesi alisema. "Hairudi. Tunaanzia hapa."

Dada alitolewa damu, akarudi kukaa, pamba mkononi. Shemeji alikwenda kutafuta chai isiyo ya njano, kwa maneno yake. Wakabaki wawili. Yaya alisimama akaangalia dirisha la maabara ndogo ya hospitali, akakaa, akasimama akasoma tangazo ukutani, akakaa.

"Hawa wangu," Dada alisema, akitazama mbele. "Hawa mabawabu wa kwangu. Wameshakuwa wengi?"

Yaya aliuona mji wenye taa na mji wa giza. Aliliona lile pazia, na mkono wake ukiwa juu yake.

"Sijui, Dada."

"Hujui."

"Sijui. Hata daktari hajui mpaka waone baada ya dripu. Inaweza kuwa wako wachache. Inaweza kuwa wameanza kujazana. Nikikwambia lolote lingine nitakuwa nakudanganya."

Dada alilikunja neno hilo taratibu, kama anavyokunja sare. Muda ukapita. Nesi alitoka akaita namba, si yao. Akatoka tena akaita nyingine, si yao. Goti la Yaya lilikuwa linapanda na kushuka, benchi zima linatetemeka, mzee wa upande wa pili ameanza kulitazama.

"Mguu huo unashona nini?" Dada aliuliza.

Yaya akaliwekea goti mkono, likaendelea kupanda.

Dada akanyoosha mguu wake, akaukanyaga wa mdogo wake kwa wayo mzima, kama anavyokanyaga kanyagio la mashine akitaka sindano isimame. Akauacha hapo. Nesi alitoka na karatasi, akaangalia huku na huku, akaita namba yao.

"Nisindikize," Dada alisema. "Usitangulie."